Kinanda cha Mianzi na Siwa Zetu

Najua nitaulizwa: wewe uliyelelewa chuoni, una lipi na kinanda cha kanisani? Langu, ndugu msomaji, ni mianzi.

Kinanda chenyewe kiko Ufilipino, katika kanisa la parokia ya Las Piñas, kusini ya Manila. Padri wa Kispania, Diego Cera, alianza kukiunda mwaka 1816. Alikata mianzi, akaifukia mchangani ufukweni ili baadaye isije ikaliwa na wadudu. Hapo nilicheka peke yangu. Kwetu makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la pwani miezi kadha, kisha yakapondwa, yakasokotwa kamba. Sisi twataka yalainike, yeye alitaka isitobolewe. Lakini mwalimu ni yule yule, bahari.

Kilimalizika mwaka 1824. Kina zumari 1,031: za mianzi 902, za madini 129. Upepo husukumwa ndani, na kila moja hulia sauti yake.

Baadaye matetemeko ya ardhi na vimbunga vilikiumbua, kikawa hakilii sawasawa. Mwaka 1973 kilifunguliwa, kikapelekwa Ujerumani, katika karakana ya Klais mjini Bonn. Huko kiliwekwa katika chumba chenye joto na unyevu wa kwao, mianzi isije ikapasuka kwa baridi. Kilirudi mwaka 1975.

Wengi huwasifu Wajerumani, na wanastahili. Mimi nasifu zaidi lililofuata. Mwaka 1994 ilianzishwa karakana ya vinanda hapo hapo Las Piñas, na kilipohitaji kutengenezwa tena, mwaka 2003 na 2004, kazi ilifanywa na mafundi wa nyumbani. Hakikupanda meli.

Sasa nije kwetu. Siwa ya Pate ya pembe na siwa ya Lamu ya shaba zimo katika makumbusho ya Lamu. Zimehifadhiwa vyema, nami nashukuru. Lakini siwa haikufanywa itazamwe. Ililia kwenye arusi na sherehe za wakubwa, na mji mzima ukajua kuna jambo.

Sisemi zile kongwe zitolewe zikabebwe njiani, la hasha. Nasema apatikane fundi wa shaba asubu nyingine, ya kupulizwa, na mzee ajuaye akabidhiwe vijana wawili watatu. Enyi wa Lamu na Pate, mzee huyo yupo bado?