Orodha ya safari kabla ya kufa: na sisi tuko nayo

Kwenye simu za vijana wetu hapa Kasongo, siku mtandao unakubali, kuna video za namna moja zinazopita sana. Mgeni, begi mgongoni, anasema hii ni inchi yake ya sabini. Leo yuko mbele ya piramidi za Misri, kesho yuko Machu Picchu kule Peru, kesho kutwa anajirusha kwa kamba toka daraja la Victoria Falls. Kila akifika anatia alama kwenye orodha yake: hapa nimemaliza, twende pengine. Mwaka 2003 mwandishi Mmarekani Patricia Schultz alitoa kitabu cha mahali 1,000 pa kuona kabla ya kufa, na mwaka 2007 ikatoka filamu ya Jack Nicholson na Morgan Freeman, wazee wawili wagonjwa wa kansa wanaozunguka dunia wakifuata orodha ya namna hiyo. Toka hapo imekuwa kama desturi ya watu wenye pesa na nafasi.

Watu wazima wengi wakikuta mtoto anatazama hizo video wanamkemea. Chakula chenyewe ni shida, wewe unataka piramidi? Mimi sikubaliani na kemeo hilo. Hamu ya kuona ng'ambo si ugonjwa wa Wazungu. Wazee wetu walitembea kwa miguu mpaka Ujiji na kurudi, na vijana wa leo wanasukuma kinga zenye bidoni za mawese siku nyingi porini; hata katika taabu hiyo, jioni kwenye moto utawasikia wakihesabu miji waliyoiona.

Tena njia yetu hii imekuwa kwenye orodha za wengine zamani sana. David Livingstone alikaa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwaka 1870, vidonda vya miguu vimemshika hawezi kutembea. Orodha yake ilikuwa na kitu kimoja: chanzo cha mto Nile, na alifikiri Lualaba ndiyo Nile. Alifika Nyangwe mwisho wa mwezi wa 3, 1871, akatafuta mitumbwi ya kuvukia, wenyeji wakamnyima. Halafu tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakafyatulia bunduki soko la Nyangwe, wakaua mamia ya watu, wengi wao akina mama waliokuja kuuza chakula. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Akaacha safari, akarudi Ujiji.

Kisha akaja Stanley, aliyetumwa na magazeti mawili, moja la New York na moja la London. Alitoka pwani mwaka 1874 na watu wengi, akapita Kabambare na Nyangwe mwaka 1876, akatokea Boma mwezi wa 8, 1877. Wazungu watatu aliotoka nao walikufa wote njiani. Wapagazi na wapiga kasia wengi walioanza naye hawakufika Boma. Dunia inakumbuka kwamba Stanley alifika.

Na mwaka 2004, vita vikubwa vimetoka tu kuisha kwenye karatasi, Mwingereza mmoja anayeitwa Tim Butcher, mwandishi wa Daily Telegraph, gazeti lile lile la London lililomchangia Stanley pesa, alipanga kurudia safari ile. Mama yake alikuwa amepita Kongo mwaka 1958, wakati treni na meli zilikuwa zinatembea. Yeye alitoka Kalemie juu ya pikipiki, akapita Kabambare, akapita Kasongo, mpaka Kindu, akaendelea na mto. Kitabu chake kilitoka 2007, mwaka ule ule wa filamu niliyoitaja. Watu wengi wa mbali wanaojua jina la Kasongo wamelijulia humo. Simlaumu, alikuwa na moyo, na aliyoyaona aliyasema. Lakini angalieni: alipita hapa wakati wakaaji wengi wa njia ile walikuwa wakilala porini kwa hofu. Kwake barabara ilikuwa kitu cha kushinda. Kwa wale wa porini, barabara ndiyo ilikuwa inawaletea kifo.

Hapo ndipo mimi naona tofauti, na si tofauti ya pesa peke yake. Orodha ya safari inaandikwa na mtu mwenye ufunguo wa nyumba mfukoni. Anachagua siku ya kutoka, anachagua njia, na anajua kwamba akichoka kitanda chake kinamngoja. Ukiondoa huo ufunguo, kutembea kwote kunageuka jina. Familia iliyokimbia toka upande wa Salamabila, ikapita vijiji sita, ikalala kwenye darasa la shule, ikalala kanisani, ikafika hapa Kasongo kwa ndugu wa ukoo, imeona mahali pengi kuliko wengi wetu tuliokaa hapa. Hakuna hata mmoja wao anayesema ametembelea.

Kwa hiyo nimekuwa nikiwauliza wakimbizi wa ndani wanaokaa mitaani mwetu: ukipewa nafasi ya kuandika orodha yako kabla ya kufa, utaandika nini? Nilifikiri watasema Kinshasa, Dubai, Maka, Roma. Wachache walisema, na Maka ilitajwa na wazee kadhaa kwa haya kidogo, kama mtu anayetaja deni. Lakini wengi walianza na vitu vidogo. Mama mmoja anataka kujua kama ngazi alizopanda kwa mkono wake zimezaa, na nani anakata mikungu. Mwingine mama yake alizikwa haraka haraka usiku, bila matanga. Anataka kusimama kwenye kaburi na kulia kama inavyopaswa. Baba mmoja anataka tu kuoga Luama kwenye kivuko chake, si kwingine. Na kijana aliyezaliwa hapa hapa katika ukimbizi anataka kuona kijiji ambacho jina lake limeandikwa kwenye karatasi yake kama kwao, na hajakikanyaga hata siku moja.

Kule Rwanda, toka mwaka 2017, mgeni analipa dola 1,500 kukaa saa moja na gorila. Watu wanalipa na wanafurahi. Nauli ya pikipiki mpaka kwenye ngazi za yule mama haifiki hata karibu ya hapo, lakini hakuna ofisi inayouza kibali cha kwenda. Kinachotakiwa ni amani barabarani, na vizuizi vile vya kamba ambapo mtu anatozwa kwa kurudi kwake mwenyewe viondoke. Mwenye bunduki, awe wa upande gani, ndiye anayeshika orodha ya watu hawa.

Na sisi wenyeji wa Kasongo, tuliolala nyumbani jana? Tuna vijana waliomaliza shule ya sekondari, wanajua mnara wa Paris una ngazi za namna gani, hawajafika Nyangwe, iliyo katika teritware yao. Hawajasimama mahali soko lile lilikuwa. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na humo Stanley anaonekana kwa jicho jingine, pamoja na mabishano yao ya malipo. Ni wangapi hapa wameshika kitabu hicho? Na hata hicho ni kitabu cha tajiri wa pembe na watumwa. Waliobeba pembe zake hawakuandika, na waliokumbuka walimwambia mjukuu, na mjukuu sasa ni mzee anayekaa kwenye kibanda cha ukimbizi, mbali na mti, mto na kilima anavyovitaja.

Walimu, msingoje mradi. Wakati mzee yupo, mtoto achukue daftari au simu amkalie karibu, aandike njia ya kwao kituo kwa kituo.

Mimi naanza na hizi orodha. Kila anayetaka, mkimbizi au mwenyeji, alete yake: mambo matano, hata mawili, anayotaka kuona au kufanya kabla ya kufa. Maka na piramidi nazo ziandikwe, sitafuta kitu. Zitasomwa hapa moja moja. Majina ya vijiji na mito muyaandike vizuri, kwa sababu ramani nyingi zinayakosea. Lakini musiandike familia yenu imejificha wapi sasa, wala nani amebaki kijijini. Hayo muniambie kwa mdomo.