Mbwa Habweki kwa Mguu

Mbwa akivunjika mguu, mitaa mingi ya Kidatu ina tiba moja: rungu. Mwenye huruma kidogo humwachia Mungu, maana yake humlaza nyuma ya banda alambe jeraha mpaka apone au afe. Thubutu kutamka neno upasuaji uone utakavyochekwa kijiweni. "Mbwa apasuliwe? Umeshakuwa Mzungu?"

Kicheko hicho kinatokana na imani kwamba kumtibu mbwa ni anasa ya wenye pesa za kuchezea. Ni imani potofu, na watu wa bonde la Kilombero ndio wa mwisho wanaopaswa kuishika.

Tazama kwanza kazi ya mnyama huyu. Tangu mwaka 1992 milima ya Udzungwa ni hifadhi ya taifa, na mashamba ya Sanje na Mang'ula yamepakana nayo. Nyani hawajui mpaka. Nguruwe pori nao husubiri giza. Anayekesha kwenye mpunga na mahindi bila mshahara, chakula chake ukoko wa ugali, ni mbwa. Waswahili husema fadhila ya punda ni mateke. Katika habari hii punda ni sisi. Pikipiki ikipinda uma, mwenyewe huikokota hadi kwa fundi. Ng'ombe akichechemea, bwana mifugo hupigiwa simu usiku wa manane. Mlinzi wa nyumba akigongwa, tunatafuta gogo.

Na kugongwa kumekuwa rahisi. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ilikuwa ya vumbi na mashimo, magari yakitambaa. Lami imeleta mwendo. Malori ya miwa yanapita, bodaboda zinapita, na mbwa aliyezoea kulala katikati ya njia hajaelezwa na mtu kwamba mambo yamebadilika.

Wapo wanaosema mbwa wetu ni wagumu, mfupa hujiunga wenyewe. Kweli, hujiunga, lakini hujiunga vipi? Mfupa wa paja ukikatika, misuli huvuta vipande viwili vikapandana, na mguu unaopona hivyo huwa mfupi na uliopinda. Kuufunga vijiti hakusaidii, kwa sababu kifungo chochote cha mfupa lazima kishike kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, na nyonga haifungiki. Kamba ikikazwa sana, damu haipiti na nyama inaoza. Kwa mguu wa chini plasta yaweza kutosha. Kwa paja, daktari hupitisha chuma ndani ya uwazi wa mfupa, namna ileile anavyofanyiwa binadamu aliyeanguka na pikipiki. Usingizi wa mbwa huyo waweza kutokana na ketamini, dawa ambayo hospitali za watu nazo huitumia. Baada ya wiki kadhaa, mbwa anatembea.

Mguu uliosagika kabisa hukatwa, na hapa ndipo kijiwe hucheka zaidi: mbwa wa miguu mitatu wa nini? Wa kulinda. Mbwa habweki kwa mguu. Sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na miguu ya mbele, kwa hiyo aliyepoteza mguu mmoja wa nyuma huzoea upesi na kukimbia. Tena kukata mara nyingi ni nafuu kuliko kuunga kwa vyuma. Wanaodai kwamba hakuna njia kati ya rungu na utajiri hawajawahi kuuliza bei.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya watu kwanza: mbwa atatibiwaje wakati mama mjamzito anahangaikia nauli ya kufika hospitali Ifakara? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mbwa anayepigwa rungu leo angemwachia mama huyo nauli kesho. Hamwachii. Anayeuza gunia la mpunga amtibu mbwa wake hajagusa dawa ya zahanati. Na wanaosimamia hoja hii kwa sauti kubwa kijiweni, sijawasikia wakiitumia dhidi ya bia.

Wengine husingizia dini. Unajisi wa mate ya mbwa ni suala la twahara, haukuwa kamwe ruhusa ya ukatili. Waislamu wanaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Sheria za nchi nazo hazikukaa kimya: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Wapo mbwa wasiopasulika, na kwao kifo ni rehema. Rehema hiyo hutolewa kwa sindano ya daktari, si kwa fimbo za vijana barazani.

Bonde hili lina sababu yake nyingine ya kujali. Kuanzia mwaka 2010, kusini mashariki mwa Tanzania, Kilombero na Ulanga zikiwemo, kuliendeshwa mradi mkubwa wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, ukisimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Somo lake ni hili: kuua mbwa hakuzuii kichaa, kuchanja asilimia 70 ya mbwa ndiko kunakozuia. Na nani humleta mbwa kwenye chanjo? Anayemhesabu kuwa wake. Anayeamini mbwa ni kitu cha kutupwa hapotezi asubuhi yake kupanga foleni na kamba mkononi. Dharau kwa mguu wa mbwa na uzembe wa chanjo vina mzazi mmoja, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, hapo ni kuchimba kaburi tu.

Tatizo la kweli ni umbali. Madaktari wa mifugo wanafundishwa Morogoro, mkoa wetu huu, tangu mwaka 1976, katika kitivo ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye hospitali yake ya wanyama. Lakini kutoka Kidatu ni zaidi ya kilomita 100, na ofisa mifugo wa kata hakufundishwa kuunga mfupa wa paja. Hilo ndilo la kupigia kelele halmashauri: kituo kimoja cha upasuaji wa wanyama Ifakara, kitakachohudumia mbwa, mbuzi na ng'ombe wa bonde zima.

Mpaka kitakapopatikana, mbwa akigongwa mfunge mdomo kwa kitambaa asikuume kwa maumivu, mlaze juu ya ubao, na usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, zitamharibu figo na tumbo. Kisha piga simu kwa daktari uulize bei kabla hujauliza lilipo rungu. Na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, viongozi wanapopanda jukwaani kuhimiza chanjo, waulizwe hadharani: daktari wa upasuaji anakuja lini?