Mkojo unapochoma: Pima kwanza, usihukumu

Leo tuzungumzie jambo ambalo wanaume wengi humnong'oneza muuza duka la dawa tu, tena baada ya kusubiri wateja wengine waondoke. Nalo ni maumivu wakati wa haja ndogo.

Bwana mmoja wa mtaani kwetu, baba wa watoto wanne, alianza kusikia mkojo unamchoma. Hakwenda hospitali. Alikwenda duka la dawa, akauziwa vidonge vya rangi mbili, akameza siku tatu, na alipoona maumivu yamepungua akaacha. Wiki chache baadaye yakarudi, na safari hii matone ya mwisho ya mkojo yalikuwa na damu. Wenzake kijiweni wakampa jibu la haraka: hilo ni gonjwa la zinaa, kamuulize mkeo. Naye kwa kuwa alijijua hajatoka nje ya ndoa, akaona mkosaji ni mmoja tu. Yule mama akarudishwa kwao na kitoto kichanga mgongoni.

Kaka yake ndiye aliyemshika mkono mpaka kituo cha afya. Mkojo ulipotazamwa kwa darubini yakaonekana mayai ya minyoo ya kichocho. Bwana yule kila msimu hulima mpunga bondeni, miguu ikiwa ndani ya maji kutwa nzima, na katika maji ya namna hiyo ndimo wanamoishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vidonge vile vya rangi mbili visingemsaidia hata angevimeza mwaka mzima, kwa sababu minyoo ya kichocho haifi kwa dawa za bakteria. Ina dawa yake, prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kuangalia uzito wa mgonjwa.

Maoni yangu ni haya: maumivu ya mkojo ni dalili, si jina la ugonjwa. Mwenye kununua dawa kabla ya kujua chanzo anabahatisha, na mwenye kumtuhumu mwenzake kabla ya kujua chanzo anadhulumu. Sisi Waislamu tunajua uzito wa kumsingizia mtu zinaa, na kwamba sheria yetu imetaka mashahidi wanne. Mkojo kuchoma si shahidi hata mmoja.

Tazama jinsi vyanzo vilivyo vingi. Kichocho kimeenea katika maeneo mengi ya nchi yetu, pamoja na Unguja na Pemba, na kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Kisonono huanza siku chache baada ya kuambukizwa, na mara nyingi huleta usaha. Klamidia huchoma kidogo tu, au haioneshi dalili yoyote. Bakteria wa kawaida nao huingia katika njia ya mkojo, ile hali ambayo watu huiita U.T.I. Lakini njia ya mkojo ya mwanaume ni ndefu kuliko ya mwanamke, hivyo bakteria hawafiki kirahisi kwenye kibofu chake. Wakifika, daktari hana budi kuuliza kwa nini. Je, tezi dume imevimba na mkojo hauishi kibofuni? Je, kuna jiwe? Je, ana kisukari? Na wapo ambao kinachowachoma ni mkojo mzito tu kwa kutokunywa maji ya kutosha, au sabuni kali.

Ndiyo maana daktari anauliza maswali mengi. Mzee anayeamka mara nne usiku na mkojo ukatoka kwa kudondoka anaelekea kwenye tezi dume. Mwenye maumivu makali ubavuni yanayoshuka kwenye kinena anaelekea kwenye jiwe. Mwenye damu mwishoni mwa mkojo, naye ni mkulima wa mpunga, mvuvi wa ziwani au aliyekulia kando ya mto, anaelekea kwenye kichocho. Mjibu ukweli, kwa sababu hata namna ya kuchukua mkojo inategemea majibu yako. Kwa kutafuta bakteria wa kibofu huchukuliwa mkojo wa katikati. Kwa kisonono na klamidia hutakiwa ule wa mwanzo, au ute wa kwenye tundu. Kwa kichocho hutakiwa matone ya mwisho, na wakati mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mtu aliyejificha huweza kutoa mkojo usiofaa, akaambiwa hana kitu, naye anaumwa.

Kinachonishangaza ni haya yetu ya ajabu. Tangu madrasa tunafundishwa istinjaa wazi wazi, namna ya kujisafisha na kuhakikisha tone la mkojo halibaki nguoni, na hakuna mtoto anayeona aibu kumuuliza ustadhi wake. Iweje mtu yule yule akikua ashindwe kumwambia daktari kuwa mkojo unachoma? Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayokufanya uangamie kimya kimya si ile tuliyofundishwa.

Na ikiwa kipimo kitaonesha kisonono au klamidia? Hapo pia usikimbilie hukumu. Klamidia huweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, hivyo majibu hayakuambii nani alianza wala lini. Yanayokuambia ni kwamba wote wawili mtibiwe, kwa wakati mmoja, na mjizuie mpaka daktari aseme mmepona. Mume anayejua alipokosea, kisha akameza dawa peke yake kwa siri, anamdhulumu mkewe mara ya pili. Mwanamke mara nyingi haoni dalili, huku ugonjwa ukimharibia kizazi. Akizaa akiwa nao, kisonono huweza kuingia machoni mwa mtoto na kumpofua. Toba ni baina yako na Mola wako, lakini tiba ni haki ya mkeo.

Tena kisonono cha leo si kile cha zamani. Penisilini na tetrasaiklini zilizokuwa zikikitibu hazitegemewi tena, na hata siprofloksasini imeshindwa mahali pengi. Kila anayemeza nusu dozi ya kubahatisha anawafundisha vijidudu namna ya kuishinda dawa. Na kisonono kilichotibiwa nusu nusu huweza kuacha kovu linaloziba njia ya mkojo.

Ziko dalili zisizongoja kesho: homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya kiuno, mkojo kuziba kabisa, damu nyingi, au korodani kuvimba na kuuma ghafla, hasa kwa kijana. Hapo nenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Kina mama, mkiona mzee anakwenda chooni mara kwa mara na kutoka amekunja uso, muulizeni kwa upole. Kina baba, watoto wenu wakisema wanakojoa damu msiseme ndiyo kukua. Wapelekeni wakapimwe, na muwazuie kuoga na kukojoa katika madimbwi na mito yenye konokono.

Yule mama amerudi nyumbani kwake, alhamdulillah. Mumewe alikwenda kumtaka radhi mbele ya wazazi wake, na kipimo cha mkojo kikiwa mfukoni. Lakini neno alilotamkiwa siku ile alipotolewa nyumbani halina dawa. Basi tupime kwanza. Allah atujaalie afya njema na subira ya kuutafuta ukweli. Amin.