Upinde wa Mvua Haupimi Kitu

Kwani nani alituambia upinde wa mvua ni kipimo? Fungua ripoti za mvua au joto, hutakosa kuukuta: bluu, kijani, njano, nyekundu, zimepangwa kama mapambo ya arusi. Unapendeza, ndiyo. Lakini unadanganya.

Jicho halijui kwamba kijani ni kidogo kuliko njano. Linachofuata ni mwanga. Kwenye upinde, rangi inayong'aa zaidi iko katikati, kwa hivyo katikati inapiga kelele kuliko kilele. Pale kijani inapogeuka njano unaona ukingo ambao kwenye takwimu haupo. Peleka ramani hiyo saiba waichapishe kwa nyeusi na nyeupe: bluu ya chini kabisa na nyekundu ya juu kabisa zinatoka kijivu kimoja. Na yule asiyetofautisha nyekundu na kijani? Huyo hata hatukumfikiria.

Usiniambie dawa haipo. MATLAB iliacha kuanza na upinde mwaka 2014. Matplotlib, programu ya bure, ikafuata 2017 na kuweka viridis: zambarau nzito hadi njano, mwanga ukipanda kwa hatua sawa. Mteja mmoja aliniambia ati hizo rangi "hazijachangamka". Boss, ni ukame tunachora, si bango la disko.

Rangi za vikundi nazo zina siasa zake. Sema kundi moja la umaskini ni asilimia 40 hadi 60. Kaunti yenye 39 na yenye 41 zitaonekana nchi mbili tofauti, ilhali 41 na 59 zinavaa sare moja. Nani alikata hapo, na kwa nini? Ramani za uchaguzi ndizo sugu zaidi. Anayeshinda kaunti kwa 51 dhidi ya 49 anapakiwa rangi ile ile ya aliyepata 95. Kisha tunatazama kaunti 47 na kusema, "Wale wote ni wa fulani." Karibu nusu ya wapiga kura wamefutwa kwa brashi, halafu tunashangaa chuki inatoka wapi.

Mimi niliacha chuo. Haya nimeyasoma kwa simu, bando zikiisha nikingoja. Mwenye shahada na kompyuta ya ofisi hana kisingizio: andika ulikokata vikundi na sababu yake, onyesha kura za walioshindwa, na huo upinde uuache mawinguni.