Mwache Ashike Simu Mwenyewe

Fikiri ni usiku wa mwezi wa Desemba. Msichana wa miaka 12 amekimbia nyumbani kwao. Anaogopa kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na msichana yuko gizani. Polisi na watu wa nyumba salama wanataka kumfuata. Wanaambiwa, "Yuko kwa shangazi yake, karibu na mkuyu, ukivuka mto." Mikuyu ni mingi. Mito ni mingi.

Shida hii ilikuwa kubwa huku Serengeti. Vijiji vingi havikuonekana vizuri kwenye ramani. Mwaka 2015 ilianza kazi ya Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea wa nchi nyingi walikaa mbele ya kompyuta zao. Walitazama picha zilizopigwa na setilaiti kutoka juu, wakachora barabara na nyumba zetu katika ramani iitwayo OpenStreetMap. Ramani hiyo haina malipo. Rhobi Samwelly na wenzake wa shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu, wametumia ramani hizo kuwafikia wasichana.

Nawashukuru waliochora. Lakini mtu aliye Ulaya anaona paa tu. Hajui kama ni zahanati, kanisa au ghala la mahindi. Hajui kilima kinaitwaje. Wewe wa Nyambureti ndiwe unayejua. Kwa hiyo ilibidi wanakijiji wafundishwe simu za kugusa, waandike majina ya mahali na kutoa taarifa za ukatili.

Nani awafundishe wengine waliobaki? Mimi nasema ni jirani. Tumewahi kufanya hivyo. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walibaki 39. Waliofundisha wengi wao walikuwa wakulima na vijana waliomaliza darasa la saba. Walipewa asante ya shilingi 30 kwa mwezi.

Vijana wetu wa leo wanajua simu. Shida ni jinsi wanavyofundisha. Ukimwomba kijana akuonyeshe, anaichukua simu, anabonyeza upesi upesi, anakurudishia. "Tayari, mama." Tayari nini? Kesho utamwomba tena. Mwalimu wako wa kisomo hakukuandikia jina lako kila siku. Alikupa chaki, akangoja.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mama ameona dalili kwamba binti wa jirani atakeketwa. Anataka kutuma taarifa, lakini hajui. Anamwita kijana amwandikie. Je, kijana huyo akiwa ni mtoto wa ndugu wa baba wa binti? Kabla ya jua kuchwa ukoo mzima una habari. Binti anafichwa, na mama anaanza kutazamwa vibaya kisimani. Anayetuma mwenyewe hutunza siri yake mwenyewe.

Mengine ni mepesi kuliko tunavyodhani. Simu ya kugusa inaweza kujua mahali ulipo hata kama huna bando, kwa sababu inapokea ishara za setilaiti. Ramani nayo unaweza kuipakua ukiwa kwenye mtandao, kisha ukaitumia penye mtandao hafifu.

Wapo watakaosema kujitolea ni kazi ya bure. Sikubali. Bando linanunuliwa, na chaji nayo mara nyingi inalipiwa. Anayefundisha kina mama au walimu wa shule asipewe hasara juu ya jasho lake. Kijiji kimchangie, hata kwa debe la mahindi. Shirika linaloleta kompyuta shuleni nalo liulizwe kwanza: nani atakaa na walimu mpaka wazoee? Nimeona kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha maua mwaka mzima. Ilikuwa safi sana.

Darasa lenu linakutana siku gani? Siku hiyo mwiteni kijana mmoja, aje na simu yenye chaji. Aanze na jambo moja tu: jinsi ya kuonyesha mahali mlipokaa. Kisha akae juu ya mikono yake, kina mama wabonyeze.