Miche Isipandwe Ili Ife

Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Agizo ni jema, ila tunahesabu miche inayotoka kitaluni, hatuhesabu inayopona.

Tangu HASHI ianze Shinyanga mwaka 1986, ngitili zilirudi kwa kupumzishwa ardhi yenye uhai. Migunga mingi hulishwa naitrojeni na bakteria wa vinundu vya mizizini. Msonobari hudumaa bila kuvu wake. Kifusi cha machimbo ya Geita hakina viumbe hao wa kutosha. Basi mabwana miti watie katika kila kiriba konzi ya udongo wa juu, uliotoka chini ya mti wa aina ileile usio na ugonjwa. Gharama yake ni jembe na karai! Ndugu zetu wa Visiwani wenye miche ya mikarafuu, hili lawahusu pia.

Na taarifa ijayo ya Wilaya itaje miche iliyo hai baada ya kiangazi.