Mashauri ya Mwezi: Mzigo Ulifika



Mwezi huu twataka kunena habari ya kazi ifanywayo pasipo kutafuta sifa. Mtaa mmoja wa huku kwetu umeingiwa na ugomvi kwa ajili ya mabati ya kanisa. Mtu mmoja ataka jina lake lisomwe mbele ya watu, kwa kuwa alitoa fedha nyingi. Na akina mama waliosomba maji na mchanga wana uchungu, kwa kuwa hawakutajwa kabisa. Kabla hatujaamua, na tuwakumbuke wapagazi wa zamani.

Daktari Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake hawakumwacha. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika nguo na gome la mti, wakaondoka kuupeleka pwani. Huko Unyanyembe walimkuta Cameron, afisa Mwingereza, naye akawashauri wauzike papo hapo, wakakataa. Tena walisikia ya kwamba wenyeji wa mbele hawataki maiti ipite kwao. Basi wakaufunga upya, ufanane na mtumba wa nguo, wakaendelea. Njia kuu ya misafara toka Unyanyembe ilikatiza Ugogo na Usagara, nchi yetu hii, ndipo ikashuka Bagamoyo. Wakafika huko Februari 1874, baada ya miezi kama tisa, na baadhi yao walikuwa wamefia njiani.

Majina ya Susi, Chuma na Jacob Wainwright twayajua. Wainwright alisafiri pamoja na mwili mpaka Uingereza, akawapo ulipozikwa katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika huko baadaye, mazishi yamekwisha. Wengine walipewa ujira wao, wakatawanyika. Chama cha Kifalme cha Jiografia kiliwatengenezea nishani, lakini zilipoletwa wengi hawakuonekana tena. Wala si wote waliokuwa Wakristo. Susi mwenyewe alibatizwa mwaka 1886.

Je, kazi yao ilipungua kwa kuwa nishani zilichelewa? Hasha! Mzigo ulifika. Hiyo ndiyo alama ya mtumishi: moyo wake u juu ya mzigo, si juu ya watu wamtazamao kando ya njia.

Lakini tusiishie hapo, maana wako watu wapendao kuwahubiria wenzao unyenyekevu ili wasiwape asante. Fungueni Injili ya Luka, sura ya 17. Humo Bwana afundisha ya kuwa mtumwa akiisha kutimiza aliyoagizwa asijisifu, kwa maana amefanya tu yaliyompasa. Na mara baada ya hayo, katika sura iyo hiyo, watu kumi wenye ukoma waponywa, mmoja tu arudi kushukuru, na Bwana auliza habari ya wale tisa. Mafundisho haya mawili ni jirani. La kwanza ni la mtendaji, la pili ni la mtendewa. Ashikaye fundisho la mwenzake na kuliacha lake amepoteza yote mawili.

Basi, ndugu uliyetoa fedha, liache jina lako lipumzike. Bati lako lazuia mvua hata lisipotajwa. Ninyi wazee wa kanisa, msingoje kuombwa. Waendeeni akina mama hao nyumbani kwao, mkawashukuru kwa vinywa vyenu wenyewe. Nanyi akina mama, msiitue ndoo kwa hasira. Ukuta ule umesimama kwa maji yenu, na Mungu aliwaona mkipanda nayo toka mtoni.

Tena tuanze nyumbani mwetu. Baba, chakula ulichokula jana jioni, ni nani aliyekipika, na kuni ni nani aliyezileta? Mshukuru leo kabla jua halijatua. Na wewe uliyepika, ikiwa amesahau, usiuzime moto wako kwa sababu hiyo.

Neema ya Bwana na ikae nanyi nyote.